Swali moja, njia mbili: ipi uiandikie kanzidata?

Saa kumi na mbili jioni. Duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki pale Ngamiani, Tanga, linakaribia kufungwa, mlango wa bati umeshashushwa nusu, na dada mhasibu amebonyeza ripoti ya mwezi. Kiduara kinazunguka. Anatazama saa ya ukutani, ananitazama mimi, kisha anasema kwa ule upole wa Kitanga unaouma kuliko matusi: "Kaka, hiki kitu chako kimelala tena?"

Programu niliiandika mimi, kwa hiyo sina wa kumsingizia. SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata (ghala la data za programu), ninayoijua leo nimefundishwa zaidi na kiduara kile kuliko na mwalimu yeyote. Kanzidata haijali swali lako ni refu au fupi, wala limepangwa vizuri kiasi gani machoni. Inachojali ni itafungua kurasa ngapi ili ikujibu. Njia mbili zinaweza kuleta jibu lilelile, moja ikafungua kurasa mia na nyingine ikafungua maelfu. Naziweka hapa ubavu kwa ubavu, nikisema ipi naichagua na lini naiacha.

Kwanza hesabu. Tuseme jedwali la mauzo lina mistari milioni 1, kila mstari baiti 200 hivi. Kati ya programu za kanzidata, PostgreSQL huhifadhi data kwa kurasa za kilobaiti 8, na InnoDB, injini ya kuhifadhia ya MySQL, kwa kurasa za kilobaiti 16. Kwenye PostgreSQL ukurasa mmoja utabeba mistari 40 au pungufu kidogo, kwa hiyo jedwali zima linapita kurasa 25,000. Swali lisilo na njia ya mkato litazipitia zote, hata kama unachotafuta ni risiti moja ya mpira wa baiskeli.

Njia ya mkato ni faharasa, ambayo sisi wa kazini tunaiita indeksi tu, na mtu wa Tanga hahitaji kuchorewa mti ubaoni ili aielewe. Ngamiani barabara zina namba. Ukiambiwa fundi yuko Barabara ya 12, unahesabu, unakata kona, umefika. Ukiambiwa "yuko kwenye nyumba ya mlango wa kijani", utazunguka barabara zote mpaka jua lizame. Indeksi ya aina ya B-tree, ambayo Rudolf Bayer na Edward McCreight waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo namba za barabara. Kwa mistari milioni 1, kushuka ngazi 3 au 4 kunatosha kukufikisha.

Kuibana tarehe ndani ya kazi (function), au kuiwekea mipaka

Hapa ndipo kiduara cha dada mhasibu kilipozaliwa. Mimi niliandika hivi, kwenye MySQL:

```
SELECT SUM(kiasi) FROM mauzo
WHERE YEAR(tarehe) = 2024 AND MONTH(tarehe) = 3;
```

Inasomeka kama Kiswahili: mwaka 2024, mwezi wa 3. Ya pili haipendezi hivyo:

```
SELECT SUM(kiasi) FROM mauzo
WHERE tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-04-01';
```

Jibu ni moja, kazi ni mbali kabisa. Indeksi imepangwa kwa tarehe yenyewe, haikupangwa kwa matokeo ya YEAR wala MONTH. Ukishaivisha safu (column) ya jedwali kazi ya namna hiyo, kanzidata inalazimika kuchukua kila mstari, kuutoa mwaka, kuutoa mwezi, kisha kulinganisha. Ni kama kumuuliza kila mwenye nyumba Ngamiani, "Namba ya barabara yako ukiigawa kwa mbili inabaki ngapi?" Namba zipo ukutani lakini hazikusaidii tena. Swali la pili linashuka moja kwa moja hadi tarehe 1 Machi, linatembea mbele, na linasimama likiiona tarehe 1 Aprili.

Ipo njia ya kati: unaweza kujenga indeksi juu ya kazi yenyewe. PostgreSQL inaruhusu tangu zamani, MySQL imeruhusu kuanzia toleo la 8.0.13. Mimi naitumia kwa majina tu, pale mtu anapotafuta mteja bila kujali herufi kubwa na ndogo, yaani LOWER ya jina. Kwa tarehe, mipaka inatosha, na indeksi ileile inajibu swali la siku, la wiki na la mwaka.

Kuhusu mipaka hiyo, wengi huandika BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31' wakidhani wameumaliza mwezi. Kama safu inabeba na saa, kila kilichouzwa tarehe 31 baada ya saa sita kamili usiku kimeachwa nje, yaani biashara ya siku nzima ya mwisho wa mwezi, siku ambayo watu wana mishahara. Kosa hili halionekani kwa kasi. Linaonekana pale fedha ya kwenye droo inapozidi ripoti na kijana wa kaunta anaanza kutazamwa vibaya.

Ndugu wa tatizo hili ni aina ya data. Namba ya simu imehifadhiwa kama maandishi, nawe unaitafuta bila alama za nukuu, kama namba. PostgreSQL itakukatalia hapohapo kwa ujumbe wa kosa. MySQL ni mpole: itageuza simu ya kila mteja kuwa namba, ilinganishe, ikuletee jibu sahihi, na indeksi yako haitakuwa imeguswa. Watu husifu upole huo. Mimi ningechagua kukatazwa.

Indeksi moja ya safu mbili, au indeksi mbili

Swali la kila siku dukani: mteja namba 417 amechukua nini tangu Januari? Wengi wanatengeneza indeksi ya mteja_id peke yake na nyingine ya tarehe peke yake, wakidhani wamefunika kote. Kanzidata inaweza kuziunganisha mbili hizo, lakini kwa kawaida inakuwa kazi zaidi kuliko indeksi moja ya safu zote mbili.

Kisha linakuja suala la mpangilio, na hapa Ngamiani inarudi. Anwani ni barabara kwanza, nyumba baadaye. Mtu akikupa barabara bila namba ya nyumba, bado umeshapunguza safari. Akikupa namba ya nyumba bila barabara, hajakupa kitu, maana nyumba namba 7 iko kila barabara. Indeksi ya (mteja_id, tarehe) inakwenda kwa mteja 417, na mauzo yake yote yamekaa pamoja kwa mfuatano wa tarehe. Indeksi ya (tarehe, mteja_id) inakwenda Januari, halafu inapita katikati ya mauzo ya wateja wote ikimchambua mmoja. Kanuni ninayoifuata: safu ya alama ya sawasawa itangulie, safu ya mipaka ifuate.

Kama swali lako la kila siku ni la tarehe peke yake, kama lile la ripoti ya mwezi, indeksi inayoanza na mteja haitakufaa, na ya tarehe lazima ibaki. Hapo ndipo watu wanapoanza kuzikusanya. Kila risiti inayoingia huandikwa kwenye jedwali na kwenye kila indeksi, kwa hiyo jedwali lenye indeksi 9 linaandikwa mahali 10 wakati mteja amesimama kaunta na noti mkononi. PostgreSQL ina mwonekano uitwao pg_stat_user_indexes. Tazama safu ya idx_scan, na indeksi iliyobaki sifuri miezi kadhaa inakula bure, isipokuwa kama ipo kwa ajili ya kulinda upekee.

Jambo moja wanaohama kutoka MySQL hulisahau: InnoDB hutengeneza indeksi yenyewe juu ya safu ya ufunguo wa kigeni, yaani safu inayoelekeza kwenye jedwali jingine, PostgreSQL haitengenezi. Wanahamisha majedwali, kila kitu kinafanya kazi, halafu kufuta mteja mmoja, kwa kuwa mauzo yote yanapekuliwa, kunachukua muda wa kwenda msikitini na kurudi.

Na kuna wakati indeksi haina faida hata ikiwepo. Tuseme wateja 7 kati ya 10 ni wa Tanga mjini, na wa Kilindi ni wachache sana. Ukiuliza wa Kilindi, indeksi ya wilaya itatumika. Ukiuliza wa Tanga, kanzidata itaiacha na kusoma jedwali zima, nayo ina haki: kurukaruka kuchukua asilimia 70 ya mistari ni ghali kuliko kusoma mfululizo. PostgreSQL hukadiria ukurasa wa kurukia kuwa gharama 4 na wa mfululizo kuwa 1, isipokuwa umebadilisha, na wenye diski za SSD wengi huishusha ile 4 hadi karibu na 1. Kwa hiyo usikasirike ukiona indeksi yako imerukwa.

NOT IN au NOT EXISTS

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala hii, iwe hii. Bosi alitaka orodha ya wateja ambao hawajanunua chochote mwaka huu, apate kuwapigia simu. Nikaandika:

```
SELECT jina FROM wateja
WHERE id NOT IN (SELECT mteja_id FROM mauzo
                 WHERE tarehe >= '2024-01-01');
```

Ikaleta orodha tupu. Bosi akafurahi kweli. "Kumbe wote bado wapo nasi!" Mimi pia nikafurahi, na hilo ndilo linaloniaibisha, maana kwenye kaunta kila siku wanaingia watu wanaonunua kwa taslimu bila kuandikwa jina. Mauzo yao yana mteja_id ambayo ni NULL, yaani haina thamani inayojulikana, na NULL moja tu ndani ya orodha ile inatosha kuua jibu lote. Kanzidata inajiuliza: mteja 417 ni tofauti na 5? Ndiyo. Ni tofauti na 9? Ndiyo. Ni tofauti na kisichojulikana? Haijulikani. Na mstari ambao jibu lake ni "haijulikani" hauonyeshwi. Hakuna kosa linalotolewa, hakuna onyo. Unapata ukimya, nawe unausoma kama habari njema.

```
SELECT w.jina FROM wateja w
WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM mauzo m
                  WHERE m.mteja_id = w.id
                    AND m.tarehe >= '2024-01-01');
```

Hii inauliza tu kama upo mstari unaolingana. NULL hailingani na yeyote, basi haimdhuru yeyote. Kwa kasi pia, PostgreSQL huweza kuigeuza NOT EXISTS kuwa muungano wa kutenga (anti join), huku NOT IN ya namna ile ikitegemea orodha kutosha kwenye kumbukumbu ya kazi (work_mem), ambayo kwa kawaida imewekwa megabaiti 4. Orodha ikizidi hapo, utasubiri sana. Mimi siandiki tena NOT IN juu ya swali la ndani. Naiacha kwa orodha fupi ninayoiandika kwa mkono, kama wilaya mbili tatu.

Orodha ya kweli ilipotoka, majina yalikuwa mengi kiasi kwamba bosi aliomba iprintiwe.

Upande wa kukubali, yaani IN dhidi ya EXISTS, ugomvi umekwisha siku nyingi. Matoleo ya sasa huzipanga kwa njia inayofanana, kwa hiyo andika inayosomeka. Anayetakiwa kuangaliwa ni JOIN, yaani kuunganisha majedwali, inayotumiwa kuuliza "nani amenunua". Mteja aliyenunua mara 30 atatokea mara 30, kisha mwandishi anabandika DISTINCT, inayoondoa marudio, ili kuficha, na kanzidata inazalisha mistari mingi halafu inafanya kazi ya pili kuitupa. Nikikuta DISTINCT kwenye msimbo wa mtu, ninaanza kutafuta JOIN ambayo haikuhitajika.

Safari 500 au safari moja

Hakuna anayetoka Makorora kwa baiskeli hadi soko la samaki la Deep Sea, akanunua changu mmoja, akarudi nyumbani kumweka, akaondoka tena kumfuata wa pili. Lakini programu zinafanya hivyo mchana kweupe: swali la kwanza linaleta ankara 500, halafu ndani ya mzunguko kila ankara inaulizwa jina la mteja wake. Maswali 501. Seva ikiwa kwenye mashine ileile na kila safari ikachukua nusu milisekunde, jumla ni robo sekunde, na wewe unayejaribu kwenye kompyuta yako huoni tatizo lolote. Seva ikiwa mbali na kila safari ikachukua milisekunde 40, hizo ni sekunde 20 za barabarani, kabla hujahesabu kazi yenyewe. JOIN moja inaleta vyote kwa safari moja.

Mara nyingi mwandishi hakuandika mzunguko huo kwa mkono. Maktaba inayogeuza majedwali kuwa vitu vya programu ndiyo iliyomwandikia. Washa kumbukumbu (log) ya maswali yanayopita, fungua ukurasa mmoja wa programu yako, uhesabu. Mdogo wangu mmoja ninayefanya naye kazi alihesabu mpaka 200 akaacha, akaniambia, "Kaka, nadhani nimeelewa."

Kurasa za orodha: OFFSET au kuanzia ulipoishia

OFFSET, yaani kuiambia kanzidata iache mistari kadhaa ya mwanzo, ni rahisi. Mistari 20 kwa ukurasa, na ukurasa wa 5,000 ni OFFSET 99980 LIMIT 20. Lakini kanzidata haijui kuruka. Inasoma mistari 100,000 kwa mpangilio, inatupa 99,980, inakupa 20. Mbadala ni kukumbuka namba ya risiti ya mwisho uliyoiona:

```
SELECT id, tarehe, kiasi FROM mauzo
WHERE id < 88213
ORDER BY id DESC LIMIT 20;
```

Indeksi inashuka hadi 88213, inachukua 20, imemaliza, uwe ukurasa wa 2 au wa 5,000. Tena risiti mpya zikiingia wakati unasoma, OFFSET itakuonyesha upya mistari uliyokwisha kuiona, hii haitafanya hivyo. Ukipanga kwa tarehe, ongeza na id kwenye mpangilio, maana risiti mbili zinaweza kukatwa sekunde moja.

Unachopoteza ni uwezo wa kusema "nipeleke ukurasa wa 37". Kwa historia ya mauzo hakuna anayeutaka. Kwa orodha ya bidhaa 300 acha OFFSET ilivyo, hutapata chochote kwa kuibadilisha.

Mengine ni ya kupita haraka. SELECT * dhidi ya kutaja safu: taja, hasa kama jedwali lina picha au maelezo marefu, na kwa sababu safu chache zikitosheka ndani ya indeksi, jedwali lenyewe huenda lisiguswe kabisa. UNION, inayounganisha matokeo ya maswali mawili, huondoa yanayojirudia na hiyo ni kazi. Kama unajua hayajirudii, UNION ALL. Kuhesabu mistari yote ili kujua kama upo hata mmoja ni kupoteza muda, tumia EXISTS. LIKE 'cheni%' inaweza kutumia indeksi ya kawaida, japo PostgreSQL huenda ikahitaji indeksi ya text_pattern_ops kulingana na mpangilio wa lugha. LIKE '%cheni%' haiwezi, na kwa kazi hiyo PostgreSQL ina nyongeza ya pg_trgm.

Kuhesabu upya au kuweka jumla tayari

Ripoti ya miaka mitano kwa bidhaa na kwa wilaya itasoma karibu jedwali zima hata uiandike vipi. Hapo unachagua: kuhesabu upya kila mtu anapobonyeza, au kuweka jumla za kila siku kwenye jedwali lake. PostgreSQL ina MATERIALIZED VIEW, yaani matokeo ya swali yaliyohifadhiwa tayari, tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, na kuanzia 9.4 inaweza kuburudishwa bila kuwazuia wasomaji, mradi ina indeksi ya kipekee. MySQL haina, kwa hiyo utajenga jedwali la muhtasari na kulijaza kwa kazi ya usiku.

Niliuliza swali moja kabla ya kuchagua: je, ripoti ya jana inakufaa? Dada mhasibu alisema ya miaka iliyopita ndiyo, ya leo hapana. Basi miaka iliyopita ikatoka kwenye muhtasari, na siku ya leo ikasomwa mbichi kwa mipaka ya tarehe, zikaunganishwa kwa UNION ALL. Gharama yake ni nidhamu: mtu akirekebisha risiti ya mwezi uliopita, muhtasari wa siku hiyo lazima uhesabiwe tena, la sivyo utakuwa na kweli mbili ndani ya duka moja.

Kumwuliza mwamuzi

Yote haya unayapima kwa EXPLAIN, na hapa pia kuna mbili. EXPLAIN peke yake inakuonyesha njia ambayo kanzidata inakusudia kuipita na makadirio yake. EXPLAIN ANALYZE, ambayo MySQL nayo inayo tangu 8.0.18, inalitekeleza swali kweli na kukupa muda halisi. Neno hilo, kweli, lishike: ukiiweka mbele ya DELETE, mistari imefutwa. Kwenye PostgreSQL ifunge hivi, ili ROLLBACK irudishe kila kitu:

```
BEGIN;
EXPLAIN ANALYZE DELETE FROM mauzo WHERE tarehe < '2015-01-01';
ROLLBACK;
```

Njia hii ni ya PostgreSQL. Kwenye MySQL, EXPLAIN ANALYZE ni ya SELECT zaidi, kwa DELETE ya jedwali moja haitakupa vipimo.

Ukisoma matokeo, usianze na muda. Linganisha idadi ya mistari iliyokadiriwa na iliyopatikana. Jioni moja, baada ya kuingiza data za zamani kutoka kwenye daftari za Excel, swali lililokuwa jepesi lilianza kukwama. Makadirio yalisema mistari 12, iliyopatikana ilikuwa 84,000. Kanzidata ilikuwa inapanga njia kwa takwimu za kabla ya data kuingia, kwa hiyo ikachagua kurukaruka mara 84,000 ikidhani itaruka mara 12. Sikubadilisha hata herufi moja ya swali. Niliandika ANALYZE mauzo, amri ya kukusanya takwimu upya, nikavuka barabara kwa muuza kahawa, na nilipomaliza kikombe cha pili na kashata yake dada mhasibu alikuwa ameshafunga droo.